Nyumba Tupu za Vijijini Dodoma: Ipi Ifufuliwe, Ipi Iachwe Ianguke

Mwalimu au muuguzi akipangiwa kijiji cha Chemba, Bahi au Chamwino, jambo la kwanza analouliza akifika ni pa kulala. Nyumba za watumishi hazitoshi, vyumba vya kupanga ni vya kuhesabu, na papo hapo kitongojini zimo nyumba tatu nne ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Moja ina kufuli lenye kutu, nyingine haina hata mlango. Ndiyo maana hoja ya kuzirudisha nyumba hizi kwenye matumizi haikosi watetezi kila inapoguswa: nyumba zipo, wenye shida ya nyumba wapo, kinachozuia ni nini?

Kwanza, tunahesabu pamoja vitu visivyofanana. Kuna nyumba ya tofali na bati iliyofungwa kwa sababu mwenyewe yuko Dar es Salaam, au amefariki na watoto hawajakaa kikao. Kuna pagale lililoishia kwenye linta, ule mshipi wa zege juu ya milango na madirisha, fedha zilipokata. Na kuna tembe, nyumba ya kukandikwa yenye paa la udongo, ambayo paa limeshaanza kubonyea katikati. Hizi tatu hazilingani kwa gharama, kwa hatari wala kwa sheria. Nionavyo, mbili za kwanza zinastahili juhudi kubwa kuliko zinavyopewa sasa. Ya tatu mara nyingi ni heri iachwe irudi kuwa udongo, na anayeipigania kwa fedha za umma awe tayari kueleza kwa nini.

Wapenda mifano ya nje huwa nayo tele. Japani ilihesabu nyumba tupu takriban milioni 9 mwaka 2023. Ayalandi humpa anayekarabati nyumba tupu ruzuku ya hadi euro 50,000, na hadi 70,000 ikiwa imeshakuwa gofu. Sawa. Lakini huko kuna daftari la ardhi la kuanzia kumtafuta mwenye nyumba. Huku kwetu fedha ni kikwazo cha tatu. Cha kwanza ni kujua nyumba ni ya nani, cha pili ni kujua kama inafaa kukarabatiwa.

Wanaotaka zifufuliwe wana hoja

Hoja yao nzito kuliko zote ni ya mahali. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu kando ya barabara, shule na visima. Nyumba iliyotelekezwa katikati ya kijiji cha aina hiyo iko jirani na huduma ambazo umma umeshazilipia. Anayeomba kiwanja kipya leo husukumwa pembezoni, mbali na bomba la maji na mbali na nguzo ya umeme. Nyumba ya zamani iliyo chini ya laini huunganishwa kwa ada ya vijijini ya shilingi 27,000. Ile ya pembezoni itasubiri nguzo, na nguzo ina ratiba yake.

Ya pili ni ya kuni. Tofali za kuchoma hula miti, na Dodoma haina miti ya kuchezea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ardhi ya Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo, na mwaka 1979 ikabidi mifugo ihamishwe kabisa kutoka eneo lililoathirika. Kila tofali la zamani linalotumika tena ni tofali ambalo halikuhitaji tanuri. Ila si kila tofali la zamani linafaa. Ligonge na mwenzake: likilia kwa sauti kali limeiva, likitoa mshindo mzito halijaiva. Liloweke usiku kucha kwenye ndoo. Kingo zikimeguka kwa kidole asubuhi, lifanyie kazi ya kujazia ndani ya sakafu, usilirudishe ukutani. Tofali zilizounganishwa kwa udongo husafishwa kwa panga na maji zikatoka nzima. Zilizounganishwa kwa saruji nzito huvunjika nyingi, kwa hiyo usipige hesabu ya kuokoa zote.

Ya tatu ni ya pagale lenyewe. Limeshameza msingi, kuta na pengine linta, na kilichobaki ni paa, sakafu, milango na madirisha. Kwa mtumishi anayetafuta vyumba viwili, hiyo ni kazi ya miezi, wakati nyumba ya kuanzia chini ni kazi ya miaka. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Ukuta uliokaa wazi misimu kadhaa bila paa umenyeshewa kutoka juu, na kama uliunganishwa kwa udongo, kozi (safu za tofali) tatu nne za juu zimelegea. Bomoa hizo, ujenge upya kwa saruji, ndipo upige kenchi. Nondo zilizochomoza kwenye linta zikwanguliwe kwa brashi ya chuma. Nondo ya milimita 12 iliyoliwa ikabaki chini ya 10 ikatwe, na kipande kipya kifungwe kikilaliana na nondo nzima kwa angalau sentimita 60. Ukipandisha paa juu ya ukuta uliolegea, upepo wa kiangazi utalitafuta.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba unaofuata mistari ya lipu si kitu. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha kwenda chini, wenye upana wa kuingiza kidole, ni msingi unaocheza, na katika mabonde ya udongo mweusi wa mbuga hilo ni la kawaida kwa sababu udongo huo huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Bandika vipande vya lipu ya saruji juu ya ufa mwezi wa Novemba, andika tarehe, uviangalie Aprili. Vikiwa vimepasuka, usinunue bati.

Kongwa, papa hapa Dodoma, ina ushahidi wa zamani kwamba majengo yaliyoachwa yanaweza kupata maisha mengine. Mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza ulianza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ukaacha majengo, barabara na kituo cha reli. Mwaka 1964 eneo hilo likawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC na SWAPO wakiwamo. Lakini tazama kilichorahisisha: mwenye mali alikuwa mmoja, yaani serikali, na mtumiaji alikuwa tayari. Nyumba ya marehemu yenye warithi saba, wawili wako Kiteto wanalima na mmoja hajulikani aliko, haina hata moja kati ya hayo.

Wanaopinga nao si wavivu wa fikra

Hoja ya kwanza upande huu ni kwamba katika nchi kavu nyumba kuwa tupu haina maana kwamba imetelekezwa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Msimu ukiharibika, kaya huhama kwenda kutafuta ardhi yenye mvua au malisho, na kurudi. Mjane hurudi kwao miaka kadhaa, kisha watoto wakikua wanarudi kwenye kiambo cha baba yao. Ukiruhusu kijiji kigawe kila nyumba yenye kufuli, utakayemnyang'anya kwanza ni huyu, kwa kuwa hana mtu wa kumsemea kwenye mkutano.

Ya pili ni kwamba mahame, yaani makazi yaliyohamwa, yana kazi. Mahali palipokuwa na zizi na jalala pana mbolea ya miaka mingi, na wakulima wa Ugogo wanajua kwamba mahindi au mboga hukubali pale kuliko kwenye shamba jipya. Tembe inayoanguka hurudi kuwa udongo wenye rutuba, nguzo nzuri hung'olewa zikajenge kwingine, mawe ya msingi yakabebwa. Ukikiita kitendo hicho upotevu, hujaelewa jinsi nyumba hizi zilivyokusudiwa toka mwanzo: hazikujengwa zidumu karne.

Ya tatu ni ya afya, na haitajwi inavyostahili. Papasi, aina ya kupe, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, huuma, hurudi ufani. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Kwa hiyo nyumba ya udongo iliyofungwa muda mrefu si safi hata kama imefagiliwa, na familia inayolala chini usiku wa kwanza ndiyo mlo wa kwanza. Homa ya papasi, ile inayopanda, kushuka, kisha kurudi baada ya siku kadhaa, imekuwepo Dodoma siku zote, na kwa mama mjamzito ni hatari kubwa kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Kumwagia maji ya dawa juu juu hakutoshi. Ondoa tabaka la juu la sakafu, ziba kila ufa, piga sakafu ya zege, piga lipu ukuta kuanzia sakafuni hadi angalau mita moja, na puliza dawa inayodumu ukutani kabla mtu hajaingia na godoro. Popo wakiwa darini, lowesha kinyesi chao kwanza na ujifunike pua na mdomo. Vumbi lake si la kuvutwa.

Sakafu hiyo inahesabika. Chumba cha mita 3 kwa 4, zege la unene wa sentimita 5 kwa uwiano wa 1:3:6, hutaka mifuko 3 hivi ya saruji ya kilo 50. Ongeza 2 ya kupiga juu kwa sentimita 2. Mifuko 5 kwa chumba, basi. Anayekuambia 2 anakupigia vumbi la saruji litakaloanza kumeguka kabla ya Krismasi.

Tembe: kwa nini mara nyingi hesabu haikubali

Wapo wanaoitetea tembe kwa sababu nzuri. Paa la udongo hufanya chumba kiwe baridi mchana na kuhifadhi joto usiku wa Juni na Julai, mambo mawili ambayo bati bila dari haliwezi. Mimi sibishi hilo. Ila nyumba inayokaliwa na nyumba iliyoachwa hazikaguliwi kwa macho yaleyale.

Tembe haisimami kwa kuta. Kinachobeba paa ni nguzo za panda zilizochimbiwa ardhini, juu yake mihimili, kisha fito, majani, na tabaka la udongo. Kuta zilizokandikwa hujaza nafasi katikati. Chukua tembe ya vyumba vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, urefu mita 10, upana mita 4, paa la udongo wa sentimita 15. Hapo pana mita za ujazo 6 za udongo, karibu tani 9 na nusu ukiwa mkavu, na mvua ya usiku mmoja inaongeza tani moja au zaidi. Halafu kila paa linapovuja watu huongeza udongo juu ya udongo. Paa lililozibwa miaka kumi linaweza kufika sentimita 25, nazo ni tani 16. Kila kiraka ni mzigo mpya juu ya nguzo zilezile.

Mwenye nyumba akiwepo anaona mapema. Husawazisha paa, hubadilisha nguzo, na moshi wa jikoni hufukuza wadudu kwenye mihimili. Moshi ukikoma, mchwa na dumuzi wana uwanja. Nguzo huliwa pale inapoingia ardhini, sentimita chache juu na chini ya usawa wa sakafu, ambapo unyevu na hewa hukutana, na kwa juu inabaki na sura ya uzima. Chimba pembeni mwake kina cha sentimita 20, uichome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo imekwisha. Zikiwa hivyo moja kati ya tatu, ushauri wangu ni kuibomoa. Usijaribu kuikarabati. Tembe nyingi zilizoanguka mvua za El Niño za 1997/98, na zile za mwisho wa 2009 na Januari 2010 zilizosomba reli upande wa Gulwe na Kilosa, zilianguka kwa namna hiyo: paa lililokuwa zito tayari likanywa maji, nguzo zikakatikia chini.

Kubomoa nako kuna utaratibu, na hapa ndipo watu huumia. Usianze na nguzo wala ukuta. Ingiza kwanza nguzo za muda chini ya mihimili mikuu, kisha shusha udongo wa paa kwa matabaka membamba, pande zote mbili kwa usawa. Ukimaliza upande mmoja kwanza, uzito unahamia upande wa pili na nyumba inalala. Asiwepo mtu ndani, na isifanyike kazi siku mbili tatu baada ya mvua.

Wengi hukimbilia suluhisho la katikati: kutoa udongo, kuweka bati juu ya kuta zilezile. Inawezekana kama nguzo ni nzima, ila mambo mawili hubadilika. Bati linataka mteremko. Kwa upana wa mita 4, nyuzi 10 zinadai ukuta wa mbele uinuliwe sentimita 70 kuliko wa nyuma, na ukuta wa kukandika haukubali kuinuliwa hivyohivyo, inabidi ujengwe wa tofali. La pili ni upepo. Udongo ulijishikilia kwa uzito wake, bati halina uzito. Kila kenchi ifungwe kwa chuma bapa au waya mnene uliofukiwa kozi nne tano chini ndani ya ukuta, au ufungwe kwenye nguzo yenyewe. Ukifanya yote hayo, ukaacha kingo za paa zitoke sentimita 60 kila upande ili maji yasirukie ukuta, nyumba hiyo ya mita 10 kwa 4 itakula bati 30 hivi za futi 10, kwa bati linalofunika upana wa sentimita 75. Kwa bati 30, papi, kenchi na ukuta mpya wa mbele, umeshafika karibu na gharama ya kujenga vyumba viwili vipya vya tofali za udongo na saruji palepale. Ndiyo maana nasema hesabu haikubali.

Na tafadhali, kuta za udongo zisipigwe lipu ya saruji kwa nje. Saruji haishikani na udongo, hupasuka, maji huingia nyuma yake yasitoke, na mwaka wa pili inabanduka mapande mapande ikiwa imebeba na ukuta. Lipu ya udongo na mchanga, sehemu moja ya udongo kwa mbili au tatu za mchanga, yenye mabua yaliyokatwakatwa, au lipu ya chokaa, hupumua pamoja na ukuta. Ikipasuka ikikauka, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Upande wa Bahi na kwingine kwenye udongo wa chumvi, kataa udongo wa pale pale kwa lipu ya chini ya ukuta; unga mweupe utatoka na kuila sentimita 30 za mwanzo.

Kalenda ina la kusema kuliko bajeti. Fyatua tofali Mei na Juni malambo yakiwa bado na maji. Paa lipigwe kabla ya Oktoba. Anayeanza kufyatua Septemba hununua maji kwa ndoo, na bei ya maji ndiyo inayomwachia pagale jingine.

Sheria inaruhusu nini

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ina utaratibu wa ardhi iliyotelekezwa. Ardhi ikiwa haikukaliwa wala kutumika kwa miaka isiyopungua 5, halmashauri ya kijiji inaweza kuanza mchakato: inatoa tangazo ofisini kwake na kubandika nakala kwenye ardhi yenyewe, inatoa muda usiopungua siku 30, inamwalika kila mwenye maslahi aje kujieleza. Sheria yenyewe inataka sababu zipimwe, kama uwezo wa mhusika na hali ya hewa iliyokuwepo. Kwenye karatasi hilo linaonekana jibu.

Mimi naliona kama silaha ya mwisho, na ya nadra. Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa nyumba ya Chemba halisomwi na mtu aliyeko Mbeya. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji ni majirani, na jirani anaweza kuwa ndiye anayeitamani nyumba. Hata pale utaratibu unapofuatwa herufi kwa herufi, warithi wakitokea miaka mitatu baadaye kesi inaanza: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu bila kuamua, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwalimu aliyetia bati zake pale anakaa kwenye nyumba yenye zuio.

Kuna pia deni la miaka ya Operesheni. Mtu anaweza kudai gofu au kiwanja kwa kuwa kilikuwa cha babu yake kabla ya watu kuhamishwa. Sheria hiyohiyo ilithibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, kwa hiyo aliyegawiwa wakati ule ana mguu imara kuliko mwenye kumbukumbu ya kiambo cha zamani. Watu wazima wengi hawalijui hili, na vikao virefu vingeisha mapema wangeambiwa mwanzoni.

Upande wa wenye nyumba, kinachowafanya wakatae kutoa ufunguo ni hofu ya miaka 12. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka hiyo kudai ardhi yake mahakamani, na mitaani hofu imekuzwa: "ukimweka mtu miaka kumi na miwili, nyumba yake." Si hivyo. Aliyeingia kwa ruhusa yako, mwalikwa au mpangaji, hawezi kuhesabu miaka ya ruhusa kuwa umiliki dhidi yako. Tatizo ni kuthibitisha kwamba ilikuwa ruhusa. Aliyekabidhi ufunguo kwa maneno, mashahidi wakafa, hana cha kuonyesha. Karatasi moja inaondoa hofu ambayo imeziangusha nyumba nyingi kuliko mchwa.

Mkataba wa kukarabati kwa kodi

Hapa ndipo naegemea. Usimpe mpangaji umiliki, na usimwombe mwenye nyumba fedha asizonazo. Mpangaji akarabati, gharama ikatwe kwenye kodi. Tuchukulie ukarabati wa 1,800,000 na kodi waliyokubaliana ya 40,000 kwa mwezi: deni linaisha kwa miezi 45. Mwenye nyumba akitaka nusu ya kodi aipate taslimu, miezi inakuwa 90, yaani miaka saba na nusu, na hapo mtumishi wa umma hafai kuwa mpangaji kwa sababu atahamishwa kabla. Afadhali mwenye nyumba avumilie miaka minne bila kodi apate nyumba yenye paa.

Kuhamishwa ndiko kunakovunja mikataba hii. Mwalimu akiondoka mwezi wa 36, ameshakaa kodi ya 1,440,000 na anadai 360,000. Mkataba useme mapema nani anailipa: mwenye nyumba ndani ya siku 60, au mpangaji anayefuata kama sharti la kuingia. Ukinyamaza, mwalimu atang'oa milango. Orodha ya vifaa, idadi yake, geji ya bati na risiti viambatanishwe, na picha za nyumba kabla na baada. Kazi ya ziada isiyokubaliwa kwa maandishi isikatwe kwenye kodi; kila aliyepiga vigae asivyoombwa huanza ugomvi hapo.

Anayesaini lazima awe na haki ya kusaini. Mwenye nyumba akiwa hai na ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa ipangishwe bila ridhaa ya mwenza, basi sahihi ziwe mbili. Akiwa amefariki, mtoto mkubwa hatoshi, hata akija na ufunguo. Ukoo ukae, uandike muhtasari, msimamizi wa mirathi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo, naye ndiye asaini. Kuuza ni jambo jingine: uhamisho wa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hauna nguvu, hata bei ikiwa imelipwa yote.

Makaburi yaandikwe. Mengi yako uani au pembezoni mwa kiambo, na ukoo utataka kupita, kufagia, pengine kufanya tambiko. Mpangaji aliyelima bustani juu ya kaburi hatatetewa na kipengele chochote.

Kwa halmashauri ya kijiji, kazi ya kuanzia ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tangu zoezi la Anwani za Makazi la 2022 nyumba zimepewa namba, na wenyeviti wa vitongoji wanajua ipi ina mtu na ipi haina. Orodheshwe kwanza nyumba za tofali na mapagale yaliyo ndani ya kilomita moja kutoka shule au zahanati, zenye ndugu anayepatikana kwa simu. Tembe zisiingie humo, isipokuwa yenye nguzo nzima na mwenyewe anayetaka kurudi kuishi. Vyoo vya zamani visihesabiwe kabisa. Shimo lililofunikwa kwa magogo ya miaka kumi linafukiwa, jipya linachimbwa, mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Lililobaki bila jibu zuri ni mpangaji mwenyewe. Anayeweza kutoa 1,800,000 kwa mkupuo ni mtumishi mwenye mshahara na mkopo wa benki, na kijana wa kijiji mwenye mke na mtoto, anayelala jikoni kwa wazazi, hawezi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya vikundi vya uzalishaji, haijengi nyumba ya mtu. Kikundi kinaweza kukopa mashine ya tofali za kufungamana na kufyatua kwa ajili ya nyumba hizi, na kijana akalipa kwa nguvu zake pale pale kwenye mashine. Mwenye nyumba asipokubali kwamba siku za kazi nazo ni fedha, na kuziandika kwenye mkataba kwa bei ya kibarua ya kijiji hicho, nyumba zote zitakwenda kwa wageni wenye mshahara.